Shauri la Pelindaba: Jinsi Dola ya Makaburu Ilivyojenga Bomu la Atomiki na Kulivunja

Magharibi ya mji wa Pretoria, mwendo usiotimia saa moja kwa gari, kuna vilima vinavyolitazama bwawa la Hartbeespoort, na katika vilima hivyo serikali ya Makaburu ilijenga makao mawili ya elimu ya atomiki ikayapa majina ya Kibantu, ijapokuwa ilikuwa ni serikali iliyowanyima Wabantu hata haki ya kupita njiani pasipo kipande. Makao ya kwanza yaliitwa Pelindaba, na ya pili Valindaba. Indaba, kwa lugha ya Wazulu, ni shauri, au habari, au baraza la watu waliokutana kuzungumza; kwa hiyo Pelindaba ni kusema kwamba shauri limekwisha, na Valindaba ni kusema kwamba shauri limefungwa wala halizungumzwi tena. Mahali hapo palipobatizwa kwa jina la kunyamaza ndipo ilipopatikana urani iliyotiwa katika mabomu sita ya atomiki, na ni serikali ile ile iliyoyaunda mabomu hayo ambayo, kabla ya kuondoka madarakani, iliyavunja yote kwa mkono wake yenyewe. Hapana dola nyingine duniani iliyopata kuiunda silaha hii kwa nguvu zake kisha ikaiacha kabisa.

Nimelichagua shauri hili miongoni mwa mengi ya namna yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo yake, yaliyofichwa kwa hadhari kubwa wakati yakitendeka, yamefunuliwa kwa kiasi ambacho mambo ya Israeli au ya Korea Kaskazini hayajafunuliwa, hata leo twaweza kuuliza dola iliyotengwa na walimwengu hutafuta nini katika silaha ya namna hii, tukapata jibu lililotoka vinywani mwa wale walioiunda. Ya pili ni kwamba shauri hili latuhusu sisi wenyewe: Dar es Salaam, Lusaka, Maputo na Luanda ndiyo miji iliyokuwa ikiwajia akilini watu wa Pretoria kila walipolitamka neno adui. Kutafuta sababu za tendo si kulihalalisha, na dhuluma ya Makaburu sitaihalalisha hata kwa herufi moja. Lakini naamini kwamba asiyeijua hofu ya mwenye silaha hawezi kuijua njia ya kuitoa silaha hiyo mkononi mwake.

Hofu ya Makaburu ilikuwa kongwe kuliko bomu lao. Wazee wao, waliofika Rasi ya Tumaini Jema kutoka Uholanzi tangu mwaka 1652, na vizazi vilivyofuata, waliingia bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na kila walipohisi hatari waliyapanga magari hayo duara, wakayafunga pamoja, wanawake na watoto wakawekwa ndani na bunduki zikaelekezwa nje kila upande. Ndivyo walivyosimama tarehe 16 Desemba 1838 kando ya mto Ncome walipopigana na majeshi ya Wazulu, na siku hiyo wakaifanya sikukuu ya dini yao na ya taifa lao kwa pamoja. Kisha ikaja vita yao na Waingereza ya mwaka 1899 hadi 1902, ambayo ndani yake mashamba yao yalichomwa moto na jamaa zao wakakusanywa katika makambi ambamo walikufa wanawake na watoto zaidi ya 26,000 kwa maradhi na njaa. Na katika makambi mengine, ambayo Makaburu hawakupenda kuyataja, walikufa Waafrika wasiopungua 14,000. Watu waliopitia msiba huo wangeweza kutoka humo na huruma kwa kila aliyefungwa na kudhulumiwa. Wao walitoka na itikadi nyingine, kwamba walimwengu wote wanaweza kukaa kutazama watoto wao wakifa pasiwe na mkono hata mmoja wa kuwaauni, na kwamba usalama wao umo ndani ya duara la magari tu. Chama chao cha Taifa kiliposhinda uchaguzi wa mwaka 1948, chini ya Daktari D. F. Malan, itikadi hiyo ndiyo iliyokalia kiti cha utawala.

Wakati huo huo ardhi yao ilikuwa imeanza kutamaniwa kwa sababu mpya. Urani iliyoiteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili cha Kongo, ambao waliichimba kwa mikono yao bila kuambiwa itakwenda kufanya kazi gani. Vita vilipokwisha, Marekani na Uingereza zikawa zinatafuta chimbuko jingine, na chimbuko hilo likaonekana katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, ambako mawe yaliyokwisha kamuliwa dhahabu yalikuwa bado yamebeba urani ndani yake. Mwaka 1952 kiwanda cha kwanza cha kuitoa kilifunguliwa karibu na Krugersdorp, na urani ikauzwa kwa madola hayo mawili. Kwa ajili ya biashara hiyo Makaburu walipata marafiki, na marafiki hawakuwa wachoyo: mwaka 1957 Marekani ilifanya nao mapatano ya kuwafundisha elimu ya atomiki kwa matumizi ya amani, vijana wao wakapokewa katika maabara za Kimarekani, na Machi 1965 kinu cha nyuklia kiitwacho SAFARI-1, kilichotoka Marekani pamoja na fueli yake, kikaanza kufanya kazi pale Pelindaba. Neno hilo la safari tunalijua lilikotoka.

Katika miaka hiyo ya ukarimu mlango mwingine ulikuwa unafungwa. Februari 1960 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, alisimama katika bunge la Cape Town akawaambia wenyeji wake usoni kwamba upepo wa mageuzi unavuma katika bara hili lote. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Machi, polisi wa Sharpeville waliwapiga risasi watu waliokusanyika kuvikataa vipande, wakawaua 69. Machi 1961 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nchi yake ya Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru kamili, aliandika katika gazeti la The Observer la London kwamba Tanganyika haitaingia katika Jumuiya ya Madola ikiwa Afrika Kusini imo, na kabla mwezi haujaisha Hendrik Verwoerd aliliondoa ombi la nchi yake la kubaki katika Jumuiya hiyo. Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa na Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Agosti ya mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zote ziache kuiuzia Afrika Kusini silaha. Na mwaka 1964 wapigania uhuru walikuwa wamekwisha pewa kambi huko Kongwa. Haya yote yalikuwa haki, na sisi tulioyashuhudia au kuyasimuliwa na wazee wetu twayajivunia; lakini atazamaye kutoka ndani ya lile duara la magari aliona kwamba adui anakusanyika kutoka kila upande, wala hakujiuliza ni nini alichokitenda hata akakusanyikiwa.

Afrika nayo ilikuwa na neno lake juu ya atomiki. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza katika jangwa la Sahara, pale Reggane, na Kwame Nkrumah akaizuia mali ya Wafaransa iliyokuwa Ghana. Julai 1964 wakuu wa nchi huru walipokutana Cairo wakatangaza kwamba bara hili lisiwe mahali pa silaha za nyuklia. Tangazo hilo halikuwa na jeshi la kulitimiza. Likabaki likingoja.

Tarehe 20 Julai 1970 Waziri Mkuu John Vorster aliwaambia wabunge wake kwamba wataalamu wa nchi wamevumbua njia yao wenyewe ya kurutubisha urani. Yafaa nieleze maana ya jambo hili, kwa sababu ndipo ulipo mzizi wa shauri zima. Urani itokayo ardhini ni ya namna mbili zilizochanganyika, na ile iwezayo kulipuka ni sehemu ndogo mno, isiyofika hata moja katika kila mia. Kuirutubisha ni kuitenga ile chache na ile nyingi mpaka chache iwe nyingi. Njia ya Makaburu ilikuwa kuigeuza urani kuwa gesi na kuizungusha ndani ya mirija kwa kasi kubwa, iliyo nzito ikasukumwa kando na iliyo nyepesi ikabaki katikati, na kurudia hivyo mara nyingi sana. Ilikuwa njia yenye kula umeme kupita kiasi, ila ilikuwa yao, na hapana mgeni aliyeweza kuja kuwaambia waizime. Kiwanda chake ndicho kilichojengwa Valindaba. Mwaka 1971 serikali ikaruhusu uchunguzi wa milipuko ya nyuklia kwa ajili ya kazi za migodi, na neno lililotumika lilikuwa ni amani. Mwaka 1974 India nayo ilipolipua bomu lake la kwanza ikaliita kwa jina hilo hilo.

Hata hivyo si kiwanda kilichowapeleka Makaburu katika kuazimia bomu, ila ni tarehe 25 Aprili 1974, siku ambayo maofisa wa jeshi la Ureno waliipindua serikali yao huko Lisbon. Kwa muda wa miaka mingi Msumbiji na Angola zilikuwa ndizo kuta za nyumba ya Makaburu upande wa mashariki na wa magharibi, na kuta hizo sasa zikaanguka: Msumbiji ikawa huru Juni 1975 na Angola Novemba 1975. Makaburu wakaingia Angola kwa majeshi yao wakipanda kaskazini kuelekea Luanda, kwa itikadi kwamba Marekani ipo nyuma yao. Wakuba wakavuka bahari kwa maelfu kuisaidia serikali ya MPLA. Desemba 1975 Senate ya Marekani ikapiga kura ya kukata msaada wa siri uliokuwa ukipelekwa Angola, na Machi 1976 majeshi ya Afrika Kusini yakawa yamekwisha rudi nyuma hata kuvuka mpaka, yakiacha nyuma yao jeshi la Kikuba lililokuwa na Urusi mgongoni. Naiona vita hii kuwa ndiyo siri ya mambo yote yaliyofuata. Kushindwa vitani ni jambo ambalo majeshi hulisahau; walichoshindwa kukisahau Makaburu ni kuachwa peke yao katikati ya njia na rafiki waliyemdhania. Na miezi mitatu baadaye, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto wakaingia barabarani.

Jangwani Kalahari, mahali paitwapo Vastrap, karibu na Upington, mashimo mawili yalichimbwa chini ya ardhi, moja likapita mita 380 na jingine mita 200. Urani iliyorutubishwa ilikuwa bado haijatosha bomu. Nia ilikuwa kuvijaribu vyombo pasipo urani hiyo. Mwaka 1977 setilaiti ya Urusi iliyaona mashimo hayo kutoka angani, Agosti Urusi ikamwarifu Rais Jimmy Carter, na setilaiti ya Marekani ikathibitisha. Likatokea jambo la nadra katika zama zile, kwamba Moscow, Washington, London, Paris na Bonn zikanena neno moja. Makaburu wakaviondoa vyombo vyao wakayaziba mashimo, na Vorster akatoa ahadi ambazo baadaye alizikana. Adhabu zilikuwa zimekwisha anza, maana walikuwa wametolewa katika baraza la magavana la Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Marekani ilikuwa imewanyima fueli ya kinu chao; na tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama likapitisha azimio la kuwakataza wanachama wote kuwauzia silaha, na safari hii lilikuwa amri, ambayo haikuwa imepata kutolewa dhidi ya mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa. Adhabu hizo zilistahili. Lakini mwanahistoria hana budi kusema kweli yote, nayo ni kwamba kila kitasa kilichotiwa mlangoni kiliwapa nguvu wale waliokuwa ndani wakisema kwamba hakuna tena wa kutegemewa, na kwamba kilichobaki ni kujitegemea kwa silaha iliyo kubwa kuliko zote.

Mwaka 1978 ndipo fikra zao zilipoandikwa na kukubaliwa. P. W. Botha, aliyekuwa waziri wa ulinzi na ambaye Septemba ya mwaka huo alishika uwaziri mkuu, alikuwa na usemi wa kwamba nchi yake inakabiliwa na shambulio la kila upande, ambalo mwanzo na mwisho wake ni Moscow. Tadbiri ya kutumia bomu iliwekwa kwa daraja tatu, nami namwomba msomaji azipime kwa utulivu. Katika daraja ya kwanza serikali itanyamaza, haitakiri wala haitakana, ili kila mtu abaki katika shaka. Katika daraja ya pili, ikiwa majeshi ya Urusi na Kuba yataitishia nchi au Namibia, madola fulani, na hasa Marekani, yataarifiwa kwa siri kwamba bomu lipo. Katika daraja ya tatu, ikiwa hata hivyo hapana msaada, bomu litatangazwa hadharani au litalipuliwa chini ya ardhi ili walimwengu walione. Baada ya hapo hapakuwa na daraja ya nne. Waliokuwamo katika kazi hiyo wamesema baadaye kwamba kulipiga juu ya mji wa watu hakukuwa katika hesabu, maana jibu la Urusi lingekuwa mwisho wa nchi.

Basi silaha hii, iliyodhaniwa kuwa imeelekezwa kwetu, kwa hakika ilimwelekea rafiki. Ilikuwa ni mfano wa mtu aliyefukuzwa katika ujamaa wa mtaa, akakaa chini ya paa lake la makuti na kibiriti mkononi, si kwa sababu anataka kuichoma nyumba yake, bali ili jirani tajiri wa upande wa pili, ambaye paa lake limegusana na lake, alazimike kuja mbio kuuliza ana haja gani. Nimesoma maelezo mengi juu ya kwa nini mataifa yaliyotengwa huitamani nyuklia, na aghalabu husemwa kwamba hutaka kuwaogofya maadui zao. Habari za Pretoria zanionyesha jambo la ndani zaidi: aliyetengwa hutaka kwanza kusikilizwa, na bomu huliona kuwa ndiyo sauti pekee iliyomsalia. Ni hoja ya mtu aliyekata tamaa, na msiba wake ni kwamba njia nyingine ya kusikilizwa ilikuwa mlangoni pake kila siku, kwa kuwa wale milioni nyingi waliokuwa ndani ya nchi yake walikuwa wakimwita wazungumze, naye akawatia gerezani.

Kazi ya kuunda ikakabidhiwa shirika la silaha la Armscor, ambalo liliitimiza katika kiwanda cha siri nje ya Pretoria kilichoitwa Circle. Mabomu yao yalikuwa ya namna iliyo nyepesi kuielewa, sawa na lile la Hiroshima, yaani kipande cha urani hufyatuliwa kama risasi kikakipiga kipande kingine. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani moja hivi na kutumia yapata kilo 55 za urani iliyorutubishwa, nalo lingeweza kuchukuliwa na ndege za Buccaneer ambazo Waingereza waliwauzia katika miaka ya sitini. Nusu mbili za kila bomu ziliwekwa mbalimbali, katika vyumba vya chuma, ili asipatikane mtu mmoja wa kuziunganisha. Mawaziri wengi wenyewe hawakujua. Mpaka mwaka 1989 yalikuwa yamekamilika sita, na la saba lilikuwa katika kuundwa.

Katika miaka hiyo ya kuyaunda yalitokea mambo matatu ambayo siwezi kuyapita. Tarehe 22 Septemba 1979 setilaiti ya Marekani iitwayo Vela iliona mmweko wa mara mbili juu ya bahari ya kusini ya mbali, namna ya mmweko wa mlipuko wa atomiki, na ikhtilafu ya wataalamu juu ya nini kilichomweka na ni nani aliyehusika haijakatika hata leo. Mwaka huo huo Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipewa heshima ya kutoa Mihadhara ya Reith katika redio ya BBC, naye akasema humo kwamba Afrika isikubali kubaki mikono mitupu, na kwamba nchi kama Nigeria na Zaire, na Afrika Kusini itakapotawaliwa na Waafrika, ziwe na silaha za nyuklia, kwa kuwa mataifa makubwa hayatafikiri kwa dhati kuziondoa maadamu zimo mikononi mwao peke yao. Namheshimu mwanachuoni huyo kuliko niwezavyo kueleza, na sehemu ya pili ya hoja yake naikubali. Ile ya kwanza siikubali, kwa sababu ya jambo la tatu, ambalo ni habari ya Koeberg.

Koeberg, karibu na Cape Town, Wafaransa walikuwa wakiwajengea Makaburu kituo cha umeme wa nyuklia. Desemba 1982, kabla hakijawashwa, mabomu manne madogo yalilipuka ndani yake kwa zamu. Aliyeyatega alikuwa kijana wa kizungu, Rodney Wilkinson, mfanyakazi wa mumo humo, aliyekwenda mwenyewe kwa wakuu wa Umkhonto we Sizwe, yaani Mkuki wa Taifa, jeshi la chama cha ukombozi cha ANC, na michoro ya kituo mkononi. Hakufa mtu hata mmoja, kwa maana ndivyo walivyokusudia, na kazi ya kituo ikachelewa zaidi ya mwaka. Haya yalitendeka mwaka ule ule bomu la kwanza la kuchukuliwa na ndege lilipokamilika. Lingewafaa nini? Lisingeweza kumpiga mfanyakazi aliyepita langoni na cheti chake, wala mtoto wa Soweto, wala mama aliyegoma kupanda basi, wala mchimbaji wa dhahabu aliyeweka chini sururu yake. Na hao ndio waliokuwa wakiiangusha serikali ya Makaburu, siku kwa siku, wakiwa ndani ya duara na wala si nje yake.

Mara moja tu tadbiri ile ilikaribia kutoka karatasini. Mwaka 1987 na 1988 vita vya Angola vilipokuwa vikali huko Cuito Cuanavale, na Fidel Castro wa Kuba akazidisha majeshi yake mpaka yakakaribia watu 50,000, Makaburu walirudi Vastrap wakajenga banda juu ya shimo na kulichungulia tena. Castro naye amesimulia kwamba alilijua bomu, na kwa ajili hiyo aliwapanga askari wake vikosi vidogo vidogo vilivyotawanyika ili pigo moja lisiwamalize. Lakini pande zote zilikwisha choka; tarehe 22 Desemba 1988 Afrika Kusini, Angola na Kuba zikatia sahihi mapatano huko New York, Wakuba wakakubali kuondoka, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990.

F. W. de Klerk alishika urais Septemba 1989. Aliwahi kuwa waziri wa madini na nishati, hivyo siri alikuwa anaijua, na asemavyo mwenyewe hakuipenda. Aliyaona majeshi ya Kikuba yakienda zao, ukuta wa Berlin ukibomolewa, na Urusi ikiwa haina tena haja ya Afrika. Akaona kwamba bomu lililojengwa ili kuita msaada sasa ni kizuizi cha kurudi miongoni mwa mataifa. Kiwanda cha Valindaba kilifungwa tarehe 1 Februari 1990, siku moja kabla ya hotuba aliyotangaza ndani yake kuhalalishwa kwa vyama vya ukombozi. Na tarehe 26 Februari, siku kumi na tano baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, akatia sahihi amri ya kuyavunja mabomu. Mwezi Mei 1991 Zambia na Tanzania zikaingia katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na tarehe 10 Julai Afrika Kusini nayo ikaingia. Kufikia Septemba urani yote ilikuwa imeyeyushwa na kurudishwa Pelindaba. Tarehe 24 Machi 1993 de Klerk aliwaambia wabunge wake, na walimwengu pamoja nao, kwamba mabomu yalikuwapo na kwamba hayapo tena. Hati za ufundi wake zilikuwa zimekwisha teketezwa, na wakaguzi wa Shirika la Atomiki wakaalikwa kwenda kila mahali watakapo. Mashimo ya Vastrap yakazibwa mbele ya macho yao.

Wako wasemao kwamba sababu ya kweli ilikuwa kutotaka silaha hiyo imwangukie Mandela na chama chake, na sioni haki ya kuwakanusha, kwa kuwa serikali iliyowanyima Waafrika kura haikushindwa kuwanyima bomu. Hata hivyo chama cha ANC kilikuwa kwa miaka mingi kimeikataa silaha hii kwa jina la Afrika, na kilipopata utawala hakikuidai. Wako pia wanaouliza kwa nini Korea Kaskazini isifuate mfano huu, nao hujibiwa kwa kutajiwa Libya, iliyoiacha kazi yake ya nyuklia Desemba 2003 na mtawala wake akauawa Oktoba 2011 baada ya kupigwa na ndege za madola yale yale yaliyompongeza. Jibu hilo lina uzito, na wanaowahubiria wengine kuacha silaha huku ghala zao zimejaa wanapaswa kulibeba. Lakini Makaburu hawakuliacha bomu kwa kuaminishwa na ahadi ya dola yoyote. Waliliacha walipokubali kuzungumza na watu waliokuwa wakiwaogopa, na watu hao wakawa ni wenzao wa nchi moja.

Neno la Cairo la mwaka 1964 lilingoja miaka zaidi ya thelathini. Mkataba wa kuifanya Afrika yote iwe bara lisilo na silaha za nyuklia ulitiwa sahihi katika mji huo huo tarehe 11 Aprili 1996, nao ukapewa jina la Pelindaba. Ukaanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuthibitisha.